Nani Anamsubiri Nani

Chukua prosesa tatu uziweke mezani: Ryzen 5 5600, Ryzen 5 5600G na Core i5-12400. Zote ziliingia sokoni kati ya Agosti 2021 na Aprili 2022. Kila moja ina viini sita vinavyoendesha nyuzi 12 za kazi. Kila moja, ikijikaza, inafika gigahezi 4.4. Kila moja imeandikwa wati 65. Mnunuzi anayesoma maandishi ya kwenye boksi haoni sababu ya kuzitofautisha, na akiambiwa achukue ya bei nafuu atalipa na kuondoka ameridhika.

Ziingize kazini, kila moja itaonyesha tabia yake. Ile 5600 ina kache ya megabaiti 32, na ikipewa kadi nzuri ya grafiki inaendesha michezo kwa wepesi kuliko 5600G, yenye megabaiti 16. Lakini 5600 haina sehemu ya grafiki ndani yake. Ukiiwasha bila kadi, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Ile 5600G inatoa picha yenyewe, na kwa mtu ambaye fedha yake haifiki kadi, hilo peke yake linamaliza mjadala. Ile i5 nayo inatoa picha, za kutosha kazi za ofisini, na katika programu zinazotegemea kiini kimoja mara nyingi inazitangulia zote mbili.

Nimewaundia watu kompyuta za mezani hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: ipi ina kasi zaidi? Ni swali la haki. Fedha yenyewe imepatikana kwa jasho, na mtu hataki kuitupa. Lakini kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kasi huja nafasi ya pili. Ya kwanza ni kungoja. Ndani ya kompyuta kila kifaa kinamsubiri mwenzake, na ufundi wa kuchagua ni kujua nani anamsubiri nani, na kwa muda gani.

Gigahezi 4.4 ni mapigo bilioni 4.4 kwa sekunde moja. Katika muda wa pigo moja mwanga wenyewe hausafiri hata sentimita saba. Akili yetu haina pa kuushika muda mfupi namna hiyo, kwa hiyo tuurefushe: tuseme kila pigo ni sekunde nzima. Kwa kipimo hicho, data iliyoko kwenye kache ya karibu kabisa na kiini hufika baada ya sekunde nne au tano. Data iliyoko kwenye RAM, iliyochomekwa sentimita chache tu kutoka hapo, huchukua dakika tano hivi. Ikiwa iko kwenye SSD nzuri ya NVMe, siku nne. Na ikiwa iko kwenye diski ngumu ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, prosesa itakaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kuletewa ilichoomba.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini mtu mwenye kompyuta ya ofisini ya siku nyingi, akiondoa diski ngumu na kuweka SSD, huhisi amenunua mashine mpya. Hajaongeza hata pigo moja. Amefupisha kungoja. Na ndiyo inayoeleza yaliyotokea Aprili 2022, AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D. Prosesa hiyo ilikuwa na mapigo machache kuliko 5800X iliyoitangulia: gigahezi 4.5 dhidi ya 4.7. Kilichoongezwa ni kipande cha kache cha megabaiti 64, kilichopachikwa juu ya silikoni yenyewe, jumla ikawa megabaiti 96. Katika michezo mingi, ile iliyopunguziwa mapigo iliipita ile yenye mapigo mengi, tena kwa tofauti ya wazi. Wahandisi walikuwa wameacha kuyakimbiza mapigo, wakaisogeza data karibu na anayeihitaji.

Kuna wakati namba ya mapigo ilisema kweli. Prosesa ya Intel 4004, iliyotangazwa Novemba 1971 baada ya kuundwa kwa ajili ya vikokotoo vya kampuni ya Kijapani ya Busicom, ilikuwa na transista 2,300 hivi na mapigo 740,000 kwa sekunde. Miaka kumi baadaye, Agosti 1981, IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ikiwa na prosesa ya 8088 ya megahezi 4.77. Enzi hizo kumbukumbu na prosesa vilikwenda karibu hatua kwa hatua, kwa hiyo prosesa iliyoongezewa mapigo iliongeza kazi. Tena kulikuwa na sababu ya kimaumbile iliyowapa wahandisi moyo. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volteji na mkondo wake navyo hupungua, hata joto la kila eneo la silikoni likabaki palepale. Punguza, ongeza mapigo, wala usiogope moto. Sekta nzima iliishi kwa ahadi hiyo kwa takriban miaka thelathini.

Machi 2000 Athlon ya AMD ilivuka gigahezi moja, siku chache kabla ya Intel. Novemba mwaka huohuo Intel ikajibu kwa Pentium 4 iliyoanzia gigahezi 1.4 na 1.5, ikiwa imesanifiwa makusudi ili namba hiyo izidi kupanda. Kila amri ilipitishwa katika hatua 20 fupifupi, na katika toleo la Februari 2004 hatua hizo zikafika 31. Hatua fupi huruhusu mapigo mengi. Gharama yake ni kwamba prosesa hubahatisha njia ambayo programu itaifuata, na ikikosea, kazi yote iliyokwisha kuingia katika mlolongo ule hutupwa na kuanzwa upya. Athlon 64, iliyotoka Septemba 2003, ilikuwa na mapigo machache zaidi na bado iliweza kushindana nayo. AMD iliamua kuiita moja ya prosesa hizo 3200+ ingawa ilikuwa ya gigahezi 2.0, kwa kuwa wanunuzi walikwisha kufundishwa kuhesabu mapigo na hawakujua kuhesabu kitu kingine.

Halafu ahadi ikakatika. Transista zilipokuwa ndogo mno, umeme ulianza kuvuja hata zikiwa zimezimwa, volteji haikuweza kushuka tena kama zamani, na joto likakosa pa kwenda. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkurugenzi wake mkuu, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja mjini Orlando kuwaomba radhi. Pentium 4 iliishia gigahezi 3.8. Linganisha sasa vipindi viwili. Kutoka 1981 hadi 2004 mapigo ya kompyuta ya mezani yaliongezeka karibu mara 800. Kutoka pale hadi prosesa zetu tatu yameongezeka kwa asilimia 16, na hata zile za bei kubwa kabisa hazijafika mara mbili. Wanaojaribu kulazimisha hulipa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa kupewa volteji ya juu kupita kiasi, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana.

Narudia historia hii kila ninapomwona mtu akitaka kuamua kwa gigahezi. Anatumia kipimo kilichokuwa sahihi wakati baba yake ni kijana.

Baada ya mapigo kugoma, sekta ilihamia kwenye viini. Kama kiini kimoja hakiendi mbio zaidi, viwe viwili, vinne, sita, 16. Hapa napo kuna kungoja kulikojificha, na aliyekuonyesha mapema ni Gene Amdahl, mwaka 1967. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Kazi yoyote ina sehemu inayogawanyika na sehemu isiyogawanyika. Tuseme sehemu inayogawanyika ni asilimia 90. Ukiweka viini sita, kazi inakwenda mara nne tu. Ukiweka 12, haifiki hata mara sita. Ukiweka elfu moja, haitafika mara kumi, kwa sababu ile asilimia 10 inafanywa na kiini kimoja huku vingine vyote vikikitazama. Na kama inayogawanyika ni nusu tu, basi kutoka viini sita hadi 12 utatoka mara 1.7 hadi mara 1.8. Umelipia viini sita vya ziada ili vikae.

Binti wa dada yangu anasoma usanifu wa majengo. Alikuja na kompyuta aliyoazima, yenye nyuzi 12, akafungua mchoro wa jengo la ghorofa tatu na kuanza kuuzungusha. Kila akigusa ukuta, mchoro ulikwama kidogo kisha ukaruka. Tulifungua dirisha linaloonyesha mzigo wa prosesa, likaandika asilimia 9.

"Mjomba, mbona prosesa imelala na mimi nangoja?" aliniuliza.

Nikabadilisha grafu ili kila uzi uonekane peke yake. Visanduku 12 vikajipanga kwenye skrini. Kumi na kimoja vilikuwa na mstari mdogo chini kabisa, na kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu. Uzi mmoja kati ya 12 ukifanya kazi kwa nguvu zote, wastani unasoma asilimia 8 na ushee. Prosesa haikuwa imelala. Mfanyakazi mmoja alikuwa akihema, na wastani ulimficha katikati ya wenzake waliokaa. Kisha nikamwambia aanze kurenda picha ya jengo lile, na visanduku vyote 12 vikapanda kwa pamoja hadi juu.

Alikuwa amekuja kuniomba nimtafutie prosesa ya viini 16. Nilimuuliza anarenda wakati gani. Usiku, alisema, anaacha kompyuta ikifanya kazi, analala. Na kuchora? Kutwa nzima. Jibu lilikuwa mle mle. Kungoja kwa usiku hakumgharimu kitu, awe na picha saa nane au saa kumi za usiku, kwa sababu ataiona asubuhi. Kungoja kwa mchana, ile nusu sekunde kila anapogusa ukuta, kunamkatiza mawazo mara nyingi kwa saa. Nilimuundia kompyuta yenye i5-12400, ambayo kiini chake kimoja kina nguvu, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye RAM na kadi ya grafiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kungoja kuna uzito tofauti kulingana na nani anangoja na wakati huo angekuwa anafanya nini.

Kariakoo utasikia hoja nyingine: "Kaka, hii ni i7, hiyo nyingine i3 tu." Jina limekaa juu ya kitu likaanza kukiuza. Lakini Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini vinne na nyuzi nane, na Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini vinne na nyuzi nane. Mapigo yao ya msingi yamekaribiana, gigahezi 3.4 kwa 3.3. Ya zamani imeandikwa wati 95, mpya 60. Na hiyo i3 inafanya kazi zaidi ya mara mbili ya i7 ile. Mapigo yamelingana, viini vimelingana. Tofauti imetoka wapi?

Imetoka kwenye namna ya kungoja. Prosesa ya leo haisimami kwa sababu amri moja inasubiri data. Inatazama mbele, inatafuta amri nyingine zisizotegemea ile iliyokwama, inazifanya, kisha inapanga matokeo kwa utaratibu wake sahihi, kama mama lishe anayekatakata vitunguu na kuosha sahani wakati maji ya ugali bado hayajachemka. Kiini cha i7-2600 kinaweza kushika amri 168 mkononi kwa wakati mmoja. Kiini cha i3-12100 kinashika 512. Miaka 11 ya jasho la wahandisi iko humo, katika kuongeza idadi ya mambo ambayo mashine inaweza kuendelea nayo huku jambo moja likiwa limekwama. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kazi yote hiyo haionekani kwenye boksi, haina namba inayovutia, wala haimo kwenye jina. Ndiyo maana namwambia kila anayenisikiliza: herufi na tarakimu za jina zinalinganisha prosesa za kizazi kimoja. Zikivuka vizazi hazina neno la kusema.

Hata hivyo herufi moja mwishoni yaweza kuwa na uzito. Core i5-12400F ni 12400 iliyozimwa sehemu ya grafiki, na bei yake huwa chini kidogo. Kwa mwenye kadi anayecheza michezo, hakuna alichopoteza. Kwa mhariri wa video za harusi hali ni nyingine. Ndani ya ile sehemu ya grafiki Intel imeweka, tangu 2011, kitengo maalumu cha kufungua na kufunga video, kinachoitwa Quick Sync. Mhariri anayevuta video mbele na nyuma siku nzima kutafuta pale bi harusi alipotabasamu anategemea kitengo hicho, au kinachofanana nacho kwenye kadi yake, kuliko anavyotegemea viini. Aliyeokoa fedha kidogo kwa kununua yenye F bila kujua anaweza kuwa ameiuza sehemu aliyoihitaji zaidi.

Vifaa vingine navyo vimefungwa na kamba hiyohiyo. RAM ya gigabaiti 16 inauzwa kama kipande kimoja au kama viwili vya nane nane, na bei hukaribiana. Kipande kimoja cha DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikichomekwa kwenye njia zake sahihi hupitisha 51.2. Kwenye 5600G, ambayo sehemu yake ya grafiki haina kumbukumbu yake na inakopa RAM ya kompyuta, kipande kimoja kinamaanisha kwamba viini na grafiki vinagombea njia moja nyembamba. Watu wameilaumu prosesa kwa kosa la mpangilio wa RAM.

Ubao mama una kungoja kwake, na huku kunahesabiwa kwa miaka. Wengi walionunua ubao wa soketi ya AM4 mwaka 2017 waliweza, mwaka 2022, kusasisha BIOS na kuweka 5800X3D palepale. Upande wa Intel, kati ya 2017 na 2021 mezani kulipita soketi za LGA1151, LGA1200 na LGA1700, na kila mabadiliko yalidai ubao mpya. Kwa mtu anayenunua kidogo kidogo, leo prosesa ndogo na mwakani kubwa, soketi inayodumu inamruhusu kungoja fedha bila kupoteza alichokwisha kununua. Jedwali la kasi halina safu ya kuandika jambo hilo.

Joto nalo lina hesabu ya mahali. Feni na chuma cha kupozea haviwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Vinachoweza ni kuzuia isizidi mno kulipita. Vipimo vingi tunavyosoma vimefanywa katika vyumba vya nyuzi 20 au 21. Ikiwa huko prosesa ilisoma nyuzi 75, kwenye chumba cha Dar es Salaam cha nyuzi 32, Januari, bila kiyoyozi, itegemee ikaribie 86. Core i5-12400, ile iliyoandikwa wati 65, inaruhusiwa kuvuta hadi wati 117 inapojikaza, na ikifika nyuzi 100 hupunguza mapigo yenyewe ili isiungue. Mapigo uliyoyalipia yanaweza yasifike kwako kwa sababu hewa ya chumba chako haina pa kulipeleka joto. Feni bora, kasha lenye tundu za kutosha mbele na nyuma, na mazoea ya kupuliza vumbi vitakurudishia kasi ambayo prosesa ya bei kubwa zaidi isingekupa.

Na kuna pawasaplai, ambayo wengi huikumbuka mwisho, fedha ikiwa imebaki kidogo. Mwongozo wa pawasaplai za ATX unaitaka iweze kuishikilia kompyuta kwa milisekunde 16 au 17 hivi baada ya umeme kukatika. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Mashine nzima, pamoja na kazi ya mtu ya asubuhi yote, inaning'inia kwenye muda usiotimia mzunguko mmoja wa umeme. Pawasaplai nzuri hutimiza muda huo kwa kweli, na UPS huutumia kuingia kazini kabla haujaisha. Ile ya bei ya kutupa inaweza kuuandika muda huo kwenye karatasi tu. Mwenye steshenari anayechapa barua na wasifu za watu siku nzima anaweza kuishi vizuri na i3 maisha yake yote; bila UPS hataishi vizuri hata mwezi mmoja wa masika.

Vifaa vikiisha kuchaguliwa, huja kazi ya mikono. Kwenye soketi ya AM4 unanyanyua mkono mdogo wa chuma, unatafuta pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa, unailinganisha na alama kwenye soketi, kisha unaiachia. Ina vijiti 1,331, vyembamba kuliko sindano ya kushonea, na vyote huzama kwenye tundu zake kwa uzito wa prosesa peke yake. Ukihisi haja ya kusukuma, kuna kitu hakijakaa sawa. Unarudisha mkono wa chuma, unaweka pesti ya kupozea kiasi cha punje ya choroko, unafunga feni kwa kukaza skrubu za pembe zinazotazamana, kidogo hapa, kidogo pale. Napenda dakika hizo kwa sababu mambo yote tuliyoyasema yanakutana ndani ya nafasi ndogo kama kiganja: umbali wa data, pa kupitia joto, njia ya umeme. Ukiviona kwa macho ni vigumu tena kuamini kwamba prosesa ni namba moja.

Ninalolisisitiza kwa anayenunua ni hili. Majedwali ya ulinganisho yana kazi yake, nayasoma, na nawashukuru wanaoyaandaa kwa uaminifu. Lakini yanapima mashine ikiwa imebanwa hadi mwisho wa uwezo wake, jambo ambalo katika siku ya mtu wa kawaida hutokea mara chache. Tofauti ya asilimia kumi inaonekana kubwa kwenye mchoro wa milia, na mtu huweza kukopa ili aipate. Kabla ya kukopa, akae na siku yake ya kazi aifuatilie. Ni wapi hasa mikono yake husimama ikingoja? Programu ikifunguka, hiyo ni diski. Mchoro ukizunguka, hicho ni kiini kimoja au kadi. Madirisha yakiwa mengi na kila kitu kikizama, hiyo ni RAM. Picha ikirendwa huku amekaa anaitazama na mteja yuko mlangoni, hapo ndipo viini vingi vinapostahili fedha yake. Na kama hakuna mahali anapongoja, basi anachotaka kununua ni jina.

Kipimo cha kutosha kipo, na ni cha haki kwa tajiri na kwa mwanafunzi. Mtu anayeandika haraka hugonga herufi tano hivi kwa sekunde. Kati ya herufi moja na inayofuata, prosesa ya gigahezi 4.4 ina mapigo milioni 880, na karibu yote huyamaliza ikimngoja yeye: aamue neno, abadili mawazo, afute, aandike tena. Hiyo ndiyo hali ninayoitafuta ninapounda kompyuta ya mtu. Kungoja hakuondoki ndani ya mashine. Kila kizazi kinakuhamisha tu kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Tunachoweza kuamua ni kama mwisho wa foleni atasimama binadamu au mashine. Pale mashine inapomngoja mwenyewe katika kazi zake za kila siku, umefika, na kila shilingi ya ziada utakayoitia humo itanunua kukaa bure kwa kifaa ambacho tayari kinakaa. Shilingi hizo zina kazi kwingine: ada, skrini pana zaidi, UPS, au mezani pa mtu mwingine ambaye bado anaingojea kompyuta yake ya kwanza.